Mimi na binti yangu tumependa farasi: tununue au tungoje?

SWALI: Binti yangu wa miaka tisa alipandishwa farasi kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK hapa Nakuru. Alizungushwa mara mbili tu, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Nilipomwambia kwamba babu yake, yaani baba yangu, alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la mzungu kule Molo, na kwamba mimi mwenyewe nilikua nikinusa zizi, alinitazama kana kwamba hajawahi kuniona. Sasa hatulali bila kuzungumzia farasi. Tunaishi Lanet, tuna nusu ekari Njoro, na mama mkwe ana ekari nne Ahero. Je, ninunue farasi? Nimweke wapi? Na mimi mwenye miaka 41 na kilo 72, naweza kujifunza pamoja naye? Mzee bado yuko hai lakini hapandi tena.

JIBU: Mama, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu likijibiwa vizuri yale mawili ya kwanza yatapungua makali.

Miaka 41 si kitu. Kilo 72 ndizo za kupigiwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya mgongo wa farasi, si ya kiuno chako. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa anayejifunza, ambaye bado anadundadunda kama gunia la viazi juu ya mkokoteni, asilimia 15 ndiyo huruma. Tandiko la kawaida lina kilo 6 hadi 8. Wewe na tandiko mnafika kilo 79 hivi, kwa hiyo farasi wa chini ya kilo 400 hakufai kabisa, na wa kilo 500 na ushei ndiye atakayekubeba bila kulalamika. Vifarasi vya kuzungusha watoto kwenye maonyesho kwa kawaida ni vidogo kuliko hapo. Ukipewa kimoja eti kwa sababu ni kipole, kataa.

Mizani ya farasi ni nadra, lakini futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya kiwiko, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha jibu kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa 155 anatoa kilo 377 hivi. Mpe binti yako kazi hiyo. Ni hesabu ya darasani mwake, na kwa mara ya kwanza jibu lake litaamua kama mama anapanda au hapandi.

Sasa hilo neno "pamoja". Wazazi wengi hulielewa vibaya. Huwaza wawili juu ya farasi mmoja, mtoto mbele na mama nyuma, picha nzuri ya simu. Msifanye hivyo. Tandiko limetengenezwa kwa mtu mmoja, na wa nyuma hukalia kiuno cha farasi mahali ambapo mbavu hazishiki tena uzito. Farasi akishtuka, mtu mzima humwangukia mtoto. Kosa la pili ni kujifunza saa ile ile kwenye uwanja ule ule. Mwalimu anasema "tazama mbele", wewe unapiga kelele "shika vizuri", mtoto anageuka kukutazama, na farasi anafuata uzito wake kuelekea alikogeukia. Chukueni vipindi vya nusu saa, mmoja baada ya mwingine. Anayesubiri anyamaze, ashike kamba akiombwa. Na jiandae, mtoto atakupita. Mwili wa miaka tisa hauna hofu iliyojikusanya kwenye mapaja. Mtu mzima akiogopa hubana magoti, na farasi husikia mbano huo kama amri ya kwenda. Hapo ndipo watu husema "farasi huyu ni mkaidi", kumbe ametii.

Mahali mnapoweza kuwa pamoja kweli ni chini, kwenye kazi ya saisi. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huilipia mtu mwingine aifanye ili wao wapande tu, kisha baada ya miezi sita wanashangaa mbona hamu imeisha. Njoro ina historia yake ya mzazi na mtoto. Beryl Markham alilelewa huko na baba yake, Charles Clutterbuck, mfunzaji wa farasi wa mashindano, na akapata leseni ya ufunzaji akiwa na miaka 18. Majina hayo yameandikwa. Ya masaisi waliokuwa wakiamka gizani kupiga burashi na kupoza miguu ya farasi hayakuandikwa, ilhali ujuzi wa kila siku ulikuwa mikononi mwao. Mzee wako ni mmoja wao. Mpeleke. Hahitaji kupanda. Mwekeeni kiti karibu na mahali farasi anapofungwa, mumwombe atazame kwato na mwendo. Jicho la saisi halistaafu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Farasi haoni nyuma ya mkia wake, wala mbele kabisa chini ya kipaji cha uso. Msogelee kwa upande, ukielekea bega la kushoto, huku ukiongea. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na farasi ni wa ukoo huo huo, ila teke mara nyingi lina sababu iliyotangulia: umetokea nyuma kimya, nzi, kidonda chini ya mkanda wa tumbo unaoshikilia tandiko, au masikio yamelala nyuma dakika nzima na hakuna aliyeyasoma. Mfundishe mtoto masikio kabla ya kitu kingine chochote.

Kamba ya kuongozea ishikwe sentimita 30 hivi chini ya kidevu, na iliyobaki ikunjwe kama kitambaa katika mkono wa pili. Isizungushwe kiganjani hata mara moja. Farasi akirusha kichwa, kitanzi hujikaza na vidole huvunjika au kung'oka. Tembeeni usawa wa bega lake, si mbele mkimvuta. Kumfunga, tumieni kitanzi cha uzi wa katani kilichoshikizwa kwenye nguzo imara, kisha kamba ifungwe kwenye huo uzi kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Urefu uwe kama wa mkono, na fundo lisiwe chini ya usawa wa bega la farasi. Uzi una kazi: akitaharuki, ukatike wenyewe kabla shingo haijaumia. Anayefunga kwenye upau wa ua huishia kumwona farasi akikimbia na upau.

Burashi ya mpira huzungushwa kwa duara kutoka shingoni hadi tako, sehemu zenye nyama tu. Usoni na miguuni ni burashi laini. Mahali pa tandiko na mkanda wa tumbo pasibaki hata punje ya tope kavu, maana ndipo vidonda huanzia. Kwato huchokolewa kuanzia kisigino kwenda kwenye ncha, bila kuchimba ile sehemu laini yenye umbo la V katikati ya wayo. Harufu mbaya na uji mweusi hapo ni dalili ya kuoza, ambako husababishwa na kusimama kwenye unyevu na mavi. Kwato za mbele mtoto anaweza kuzifanya mkiwa naye. Za nyuma ni zako hadi awe mrefu na mwepesi wa kukwepa. Kwato zikatwe na fundi kila wiki sita hadi nane, farasi awe na viatu au asiwe navyo.

Kuna kazi moja ambayo mtoto mara nyingi huifanya vizuri kuliko mtu mzima, nayo ni kuhesabu. Farasi mzima aliyepumzika ana mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5. Mapigo yasikizwe kwenye mshipa unaopita chini ya taya. Awe na daftari. Mtu anayejua hali ya kawaida ya farasi wake ndiye huona msokoto wa tumbo mapema: anachimba chini kwa kwato, anageuka kutazama ubavu, hajanya tangu asubuhi, anataka kujilaza na kugaagaa. Mapigo yakizidi 60 huku akionyesha hayo, ondoa chakula, piga simu kwa daktari wa mifugo sasa hivi, si baada ya chai. Farasi hawezi kutapika. Kilichokwama hakina pa kurudi.

Kuhusu tandiko, mambo matatu tu. Mkanda wa tumbo ukazwe mara tatu: unapofunga, kabla ya kupanda, na tena baada ya dakika chache za kutembea, kwa sababu baadhi ya farasi hutanua kifua mwanzoni. Vikuku vya tandiko, vile vya kukanyagia, viwe vipana kuliko kiatu kwa sentimita 2 hadi 2.5, na kiatu kiwe na kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa. Viatu vya michezo hupenya hadi kifundoni, gambuti hunasa, na mpandaji aliyeanguka akiwa amenasa huburutwa. La tatu ni helmeti, na hapa sitakuwa mpole. Helmeti ya mtumba usinunue hata iwe safi namna gani. Ndani yake kuna povu gumu linalobonyea mara moja tu kulinda kichwa, na kwa nje huwezi kujua kama limeshabonyea. Ya baiskeli nayo si mbadala, maana haikutengenezewa kuanguka kutoka urefu huo wala kulinda kisogo. Helmeti ikishaangukiwa, hata yenu mpya, hubadilishwa.

Masomo ya mwanzo ya mtoto yawe ya dakika 20 hadi 30, farasi akiongozwa kwa kamba au akizungushwa kwa kamba ndefu. Atakaa kwenye mwendo wa kutembea wiki kadhaa kabla ya mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda miguu miwili miwili kwa mshazari, ambao watu wa pwani waliupa jina hilo zamani. Kwa shoti, yaani mbio, asubiri. Mwalimu anayempeleka mtoto shoti somo la tatu ili kumfurahisha mama anayelipa, mwache. Mashamba yanayofundisha mtayapata zaidi upande wa Gilgil na Naivasha kuliko mjini, na kutoka Lanet safari hiyo si ndefu.

Haya, wapi mumweke. Ahero hapana, na nasema hivi bila kumvunjia heshima mama mkwe. Shida si ardhi, ni usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaozaliana kwenye matope na maji yaliyosimama. Hao ndio hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Kirusi chake kina aina 9, na ile namna inayoshika mapafu huua zaidi ya farasi 9 kati ya 10. Joto hupanda kupita nyuzi 40, mashimo yaliyo juu ya macho huvimba, na mwishoni povu hutoka puani. Hakuna dawa ya kukiua. Mashamba ya mpunga yaliyozunguka Ahero, pamoja na joto la bonde la Ziwa Viktoria, ni kama hoteli kwa usubi.

Njoro ni afadhali, ila usijidanganye kwamba ni salama. Kuzunguka Chuo Kikuu cha Egerton mko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa baridi hupunguza usubi. Lakini punda milia hubeba kirusi hicho bila kuugua, nao wamejaa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na usubi husafiri na upepo. Kwa hiyo chanjo kila mwaka, mapema kabla ya mvua, na baada yake farasi apumzishwe kazi nzito wiki mbili hadi tatu. Aingizwe ndani kabla jua halijazama, atoke baada ya kuchomoza, maana usubi hula saa hizo za giza. Ongeza chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, ingawa jina lenyewe linasema: katika mifugo yote farasi na punda ndio huathirika vibaya zaidi, na msumari mmoja kwenye wayo unatosha.

Nusu ekari inatosha kibanda na mahali pa kujinyoosha. Haitoshi malisho. Kibanda kiwe mita 3.6 kwa 3.6, mlango wa mita 1.2. Ua wa seng'enge ung'olewe upande wa farasi, kwa kuwa ng'ombe akigusa mwiba hurudi nyuma, farasi aliyetaharuki hupita nao. Kisha fanya hesabu ya nyasi kavu: farasi wa kilo 450 anahitaji karibu kilo 9 kwa siku, yaani kilo 3,285 kwa mwaka. Marobota ya kilo 15 hayo ni 219, na yote yanunuliwe wakati wa bei nzuri na kuwekwa pakavu. Maji ni lita 25 hadi 40 kila siku. Chumvi gramu 30 hivi. Kabla ya kuuliza bei ya farasi, uliza bei ya robota, uzidishe kwa 219.

Chakula ndicho huua farasi wengi wanaofugwa na watu waliozoea ng'ombe, kwa hiyo soma hapa polepole. Chakula cha kuku na baadhi ya vyakula vya ng'ombe huwa na monensini. Kiasi ambacho ng'ombe hakihisi huharibu moyo wa farasi na kumuua. Debe la kupimia likitumika kwa vyote viwili, hilo tayari ni kosa. Mahindi yenye ukungu ni mabaya zaidi. Kuna sumu ya ukungu wa mahindi ambayo huozesha ubongo wa farasi na punda, mnyama akaanza kutembea akigonga kuta, na hakuna tiba. Katika kaunti inayolima mahindi kama Nakuru, kishawishi cha kumpa yale yaliyokataliwa jikoni ni kikubwa. Usimpe. Nyasi za Kikuyu na nepia zina oksaleti zinazofunga kalisi, na pumba za mahindi zina fosforasi nyingi. Farasi akila hivyo tu kwa miezi, mifupa ya uso huvimba na kulainika. Changanya boma rodesi na lusini, na chokaa ya mifugo kwa kipimo cha daktari.

Na kupe? Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi isimguse farasi. Husimamisha utumbo mkubwa, na msokoto unaofuata huua. Soma kibandiko, na kama neno hilo limo, rudisha.

Kwa hayo yote, kununua mwaka huu hapana. Jifunzeni mwaka mzima kwa farasi wa wengine. Ukifika mwezi wa saba au wa nane na bado mnaamka alfajiri bila kuamshana, tafuteni kugawana farasi na mwenye shamba: mnalipia sehemu ya chakula na kwato, mnamhudumia siku mbili kwa wiki. Huko ndiko mtajua kama mnapenda farasi au mnapenda Jumamosi. Katikati ya wiki, kama jirani wa Njoro ana punda wa maji aliye mpole, ombeni kumpiga burashi na kumwongoza. Mikono hujifunza yale yale.

Siku ya kununua ikifika, tafuteni farasi aliyehasiwa au jike mtulivu, wa miaka 10 hadi 16, kimo cha sentimita 145 hadi 155 begani, kilo 450 na kuendelea. Mtapewa kwa bei ya kuvutia farasi aliyestaafu mashindano ya Ngong. Ni mnyama mzuri, kwa mtu mwingine. Wengi wao wamezoea kwamba hatamu zikikazwa ndipo wakaze mbio, na mwanafunzi akiogopa hukaza hatamu. Nendeni kumtazama mara mbili, mara moja bila taarifa ndefu na asubuhi, kabla hajafanyishwa kazi. Mwone akikamatwa malishoni, mwone akienda matiti kwenye ardhi ngumu, mwone akipandwa na mwenye kumuuza kabla ya mtu wenu kupanda. Daktari awe wenu, si wa muuzaji. Na mzee awe pale na kiti chake. Akisema mguu wa nyuma wa kulia una neno, msibishane naye.

Jumamosi ya kwanza nendeni na suruali ndefu, helmeti kama mnayo, daftari na karoti mbili. Karoti zikatwe kwa urefu kama vijiti, zisikatwe kwa mviringo, maana kipande cha mviringo hukaa kooni kama kizibo. Mtoto ampe kwenye kiganja kilichofunguka kabisa, kidole gumba kikiwa kimebana pamoja na vingine.